Mbuni Bora Hauchaguliwi kwa Macho

Leo tuzungumze juu ya mbuni, mti wetu wa kahawa, na hasa mbuni wa robusta. Huu ndio mti uliojaa vibanja vya Bukoba, Muleba, Missenyi, Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Ukivuka mpaka kuingia Uganda utaukuta Masaka na Mukono, na ukizidi kwenda magharibi utaukuta kwenye misitu ya Kongo, ukiota wenyewe bila kupandwa na mtu.

Swali la leo ni hili: mkulima anayetaka kupanda upya shamba lake la robusta achague miche ya namna gani ili mavuno yaongezeke?

Ni swali la wakati huu. Mibuni mingi mkoani Kagera ni mikongwe. Iko iliyopandwa na babu, ikarithiwa na baba, na leo mjukuu anaipalilia. Naomba tufanye hesabu ndogo pamoja. Ukipanda robusta kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, hekta moja huchukua mibuni 1,111. Kila mbuni ukikupa nusu kilo ya kahawa safi, iliyokwisha kukobolewa, utavuna kilo 555 hivi. Kila mbuni ukikupa kilo 2, utavuna zaidi ya tani 2 na kilo 200. Ardhi ni ileile, palizi ni ileile, mvua ni ileile. Tofauti kubwa huanzia kwenye mche uliouweka shimoni siku ya kwanza, kisha matunzo huukamilisha. Ukikosea kuchagua mche, utaishi na kosa hilo miaka thelathini.

Wakulima wengi wana jibu tayari: tafuta mti unaozaa sana, chuma matunda yake mekundu, otesha mbegu, panda. Ndivyo wazee wetu walivyofanya, na wametufikisha hapa tulipo. Lakini kwa robusta njia hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe imo ndani ya ua.

Kahawa ya arabika, ile ya Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, hujichavusha yenyewe. Chavua ya mti huangukia maua ya mti uleule, tunda likafunga, na mche utakaotoka humo hufanana sana na mama yake. Robusta haikubali hivyo. Ua la robusta hukataa chavua ya mti wake wenyewe. Ni lazima chavua itoke kwenye mti mwingine, ikiletwa na upepo au na nyuki. Kwa hiyo ukichuma mbegu mia moja kwenye mti wako bora, mama unamjua, baba humjui. Anaweza kuwa mbuni wa jirani usiozaa kitu, au ule wa ng'ambo ya barabara wenye maradhi. Kati ya miche hiyo mia, michache itamshinda mama, mingine itafanana naye kidogo, na mingi itakuwa chini yake. Utapalilia miaka mitatu kabla hujajua upi ni upi.

Ndiyo maana wataalamu wa robusta walihamia kwenye vikonyo. Unachukua kipande cha shina la mbuni uliothibitika kuwa bora, unakiotesha mizizi kitaluni, na mche unaopata ni mama yuleyule, bila kuchanganywa na baba yeyote. Lakini si kila kipande kinafaa. Mbuni una matawi ya aina mbili: yanayolala pembeni, ambayo ndiyo huzaa matunda, na maotea yanayosimama wima kutoka kwenye shina. Ukiotesha kikonyo cha tawi la pembeni, mmea utatambaa chini maisha yake yote na hautasimama kuwa mti. Vikonyo hukatwa kwenye maotea yaliyosimama wima, yakiwa bado ya kijani na hayajakomaa kuwa mti mgumu. Ndiyo sababu kwenye bustani mama utaona mashina yameinamishwa makusudi, ili maotea yachipue kwa wingi.

Kikonyo hukaa kitaluni chini ya kivuli, kikifunikwa kwa nailoni ili unyevu usipotee, mpaka mizizi itoke. Kisha mche huzoezwa jua kidogo kidogo kabla ya kupelekwa shambani. Hapo upo upungufu ambao ni haki ya mkulima kuujua: mche wa kikonyo hauna mzizi mkuu unaozama chini kama wa mche wa mbegu. Mizizi yake huenea juu juu. Kiangazi kikiwa kikali, huumia mapema. Atakayepanda vikonyo bila matandazo ya kutosha shinani asije akalaumu aina ya kahawa.

Sasa, msikilizaji, nimetumia maneno haya: mbuni uliothibitika kuwa bora. Unathibitika vipi? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, kwa sababu macho yetu yanatudanganya kwa njia nyingi.

Kwanza, yanadanganywa na samadi. Mtu wa Kagera anakijua kibanja chake. Karibu na nyumba ndiko majivu yanakomwagwa, ndiko maganda ya ndizi yanakotupwa, ndiko samadi ya ng'ombe inakoishia. Mbuni ulio hatua chache kutoka jikoni hushiba kila siku. Mbuni wa pembezoni, kule shamba linakopakana na rweya, yaani nyika ya majani, hula kinachobaki. Sasa ukienda kuchagua mti bora kwa kutazama, utachagua uliolishwa vizuri, ukadhani umechagua wenye asili nzuri. Watafiti hulitatua jambo hili kwa kuchukua vikonyo vya miti mingi iliyosifiwa, kuvipanda pamoja kwenye ardhi moja na kwa matunzo yaleyale, wakirudia kila aina mahali kadhaa. Hapo sifa za jikoni huisha, na sifa za mti zinabaki.

Pili, macho yanadanganywa na mwaka mmoja. Mbuni ukizaa kupita kiasi msimu huu, nguvu zote huishia kwenye matunda, na matawi mapya ya kuzaa mwakani hukua machache. Mwaka unaofuata unapumzika. Anayeutazama mwaka wa neema atausifu, na anayeutazama mwaka wa mapumziko atautukana, nao ni mti mmoja. Kwa hiyo mavuno hupimwa misimu minne au mitano mfululizo, mti kwa mti, kwa mizani, na hesabu huandikwa.

Tatu, matunda mengi si kahawa nyingi. Kwa kawaida kilo 4 hadi 5 za robusta mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Lakini iko miti yenye matunda yaliyojaa ganda huku punje ni ndogo, na mengine ndani hayana kitu. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chuma matunda 100 yaliyoiva ya mti mmoja, uyatie kwenye ndoo ya maji. Yenye punje kamili huzama, na yenye chumba kitupu huelea. Hesabu yaliyoelea. Mti ambao matunda yake mengi yanaelea, hata ukiinamisha matawi kwa wingi wa matunda, mfukoni utakuacha mtupu. Na punje nazo zina bei yake: sokoni robusta hupitishwa kwenye machekeche, punje kubwa zikawekwa daraja lake na ndogo daraja lake, na bei hufuata.

Nne, na hili ndilo lililoumiza watu wengi kuliko yote, macho hayaoni ugonjwa ambao bado haujafika.

Nchini Uganda, kituo cha utafiti cha Kawanda kilichagua aina sita za robusta za vikonyo kwa sababu ya wingi wa mavuno na ukubwa wa punje. Aina hizo zilizaa vizuri, na wakulima walizipokea. Mwaka 1993 ukaonekana huko mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu inayoingia kwenye mishipa ya mti na kuziba njia ya maji. Dalili yake ni majani kujikunja, kuwa ya manjano na kupukutika, mara nyingi kuanzia upande mmoja wa mti. Ukibandua gome karibu na ardhi unakuta rangi ya bluu iliyokaribia weusi. Kuanzia hapo mti hauponi. Zile aina sita zilizochaguliwa kwa mavuno hazikuwa na kinga. Miaka iliyofuata Uganda ilipoteza karibu nusu ya mibuni yake ya robusta, na mwaka 1997 ugonjwa huo ukaonekana Kagera.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukapigwa vita, ukatulia, kisha ukaibuka tena Kongo kabla ya kufika kwetu. Kuvu hii haina dawa ya kupulizia. Mti ulioambukizwa hung'olewa na kuchomwa palepale ulipokuwa. Usiukokote kupita katikati ya shamba, wala usiupeleke nyumbani kuwa kuni, kwa maana unatembeza ugonjwa. Jembe na panga vinavyojeruhi shina wakati wa palizi ndiyo milango yake mikubwa.

Waganda walifanyaje? Walirudi kwenye mashamba yaliyokufa na kutafuta miti iliyobaki hai. Wakaotesha vikonyo vyake, wakaiambukiza miche ile kuvu makusudi, na iliyokataa kufa wakaipima tena kwa mavuno na kwa ladha. Kutoka katika kazi hiyo, katika kituo cha Kituza wilayani Mukono, zikatoka aina saba zilizoitwa KR1 hadi KR7, na baadaye zikaongezwa zikafika kumi. Sisi upande wa Tanzania, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, kupitia kituo chake cha Maruku, Bukoba, ilifanya uchaguzi kama huo ikatoa aina nne za robusta: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Aina hizi zilichaguliwa kwa mavuno na kwa kuhimili mnyauko, vyote viwili kwa pamoja. Mavuno bila kinga ni mkopo, na siku ugonjwa ukija unalipa na riba.

Nimefika kwenye jambo ambalo nalihesabu kuwa kiini cha mazungumzo ya leo. Tuseme umefanikiwa. Umepata aina moja ambayo ni bora kuliko zote: inazaa, haiugui, punje zake ni kubwa. Je, ujaze shamba zima aina hiyo moja?

Jibu ni hapana, na sababu ni lile ua tulilolizungumzia mwanzo. Vikonyo vyote vya mti mmoja ni mti mmoja. Ukijaza hekta nzima kikonyo cha aina moja, umepanda mti mmoja mara 1,111. Maua yatafunguka meupe shamba zima baada ya mvua, yatanukia, nyuki watakuja, na matunda hayatafunga, kwa sababu kila ua linapata chavua linayoikataa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Robusta inahitaji wenzake, tena wenzake wanaochanua siku zilezile, kwa maana ua la kahawa huishi siku chache tu.

Wabrazili walilijenga shamba lao la robusta juu ya jambo hili. Katika jimbo la Espírito Santo, ambako robusta yao huitwa conilon, watafiti walianza kuchagua miti mashambani mwa wakulima mwaka 1985. Mwaka 1993 wakatoa aina zao za kwanza za vikonyo, wakazipanga kwa wakati wa kuiva: za mapema, za kati na za kuchelewa. Mwaka 2004 wakatoa aina waliyoiita Vitória, ambayo kwa kweli ni kundi la vikonyo 13 tofauti vinavyochanua pamoja na kuchavushana. Mkulima hauziwi kikonyo kimoja, anapewa kundi. Na kundi lina faida nyingine: ugonjwa mpya ukija, hauikuti miti yote ikiwa na udhaifu uleule.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukienda kitaluni, uliza majina ya aina, na uombe mchanganyiko. Ukirudi nyumbani na miche mia mbili ya aina moja, umenunua maua. Aina hizo zipande kwa mistari inayopishana, mstari huu aina hii, mstari ule aina ile, na uandike kwenye daftari ni mstari upi wa aina ipi. Daftari hilo litakufaa miaka mitano ijayo, pale utakapotaka kujua ni aina ipi imeikubali ardhi yako.

Wengine watauliza juu ya Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa robusta, ambako wastani wa mavuno umevuka tani 2 na nusu kwa hekta. Ni kweli wana vikonyo bora, na ni kweli wakulima wao wengi hawang'oi shamba la zamani. Hukata mbuni mkongwe, wakasubiri maotea, kisha wakabebesha juu yake kikonyo cha aina bora, na mizizi ya zamani ikaendelea kuulisha mti mpya. Njia hiyo inaweza kutufaa pia pale ambapo shina bado ni zima na mnyauko haujaingia. Lakini Mvietnam pia humwagilia maji wakati wa kiangazi na hutia mbolea nyingi. Mche bora kwenye ardhi yenye njaa huzaa kama mche wa kawaida. Aina bora hukupa nafasi ya kuvuna zaidi, na kazi ya kuitumia nafasi hiyo inabaki kwako: matandazo, samadi, kupogolea, kuondoa maotea yasiyohitajika na kivuli cha kiasi.

Sasa niseme neno juu ya hazina tuliyo nayo. Robusta ni mti wa Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 20, miche iliyotoka Kongo ilipitia Brussels ikafika kisiwani Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeangamiza arabika. Waholanzi huko wakaipima mti kwa mti, wakachagua, na baadaye miche iliyochaguliwa Java ikarudi Kongo, ikaendelezwa kwenye kituo cha Yangambi. Mti wetu ulikwenda ng'ambo kuchaguliwa, kisha ukarudi nyumbani. Na chanzo kingali hapa: Uganda ina robusta ya porini katika msitu wa Kibale, na vibanja vya Wahaya wa Kagera vina mibuni iliyotokana na mbegu za karne nyingi. Wahaya walikuwa wakitafuna kahawa iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, na kula kiapo cha udugu kwa punje mbili za tunda moja, kabla Mjerumani hajafika. Hakuna mbuni wowote wa mbegu katika vibanja hivyo unaofanana kabisa na mwingine. Huenda kinga ya ugonjwa wa kesho imo kwenye mti mmoja wa bibi kizee fulani huko Kamachumu. Kwa hiyo tupande upya, ndiyo, lakini tusing'oe mibuni yote kwa pupa. Mbuni uliobaki hai katikati ya iliyokufa kwa mnyauko usiuguse kabla mtaalamu hajauona.

Lipo jambo la mwisho linalovuruga uchaguzi wetu, nalo ni butura. Mkulima aliyebanwa na karo au na ugonjwa huuza kahawa ikiwa bado ni maua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mnunuzi ndiye anayekuja kuvuna. Licha ya hasara ya fedha, mkulima huyo hajui tena mti upi ulimpa nini, kwa kuwa mavuno ya shamba lake yanapimwa na mikono ya mwingine. Vyama vyetu vya msingi vikiwa na mkopo mdogo wa haki wakati wa maua, vitakuwa vimesaidia mfuko wa mkulima na ubora wa miche kwa pamoja.

Na kwa wenye dhamana ya vitalu, naomba hivi: zidisheni miche, na ipelekeni vijijini ikiwa imechanganywa na imeandikwa majina. Utafiti wa miaka mingi hauna maana kama mkulima wa Kyerwa anapanda chochote kilichopatikana sokoni, mche usio na jina wala asili.

Msikilizaji, msimu huu wa kuvuna, fanya mambo matatu. Chagua mibuni kumi unayoiamini, uifunge utepe, uvune kila mmoja peke yake na kupima kwa mizani. Tia matunda mia ya kila mmoja kwenye ndoo ya maji, uhesabu yanayoelea. Kisha andika, na mwakani urudie, na mwaka wa tatu urudie. Ukimwita afisa ugani na daftari hilo mkononi, utakuwa na ushahidi wa kumwonyesha, na miti yako inaweza kuingia kwenye majaribio. Na unapopanda miche mipya, panda aina zisizopungua tatu.